Barua ya Wazee Kumi na Saba Niliyoisoma Vibaya

Ninyi mnaofundisha historia sasa, na ninyi mnaoisomea, mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukichambua hati za kale zinazohusu haki na uhuru. Nimekubali kwa sharti moja: msinifanye mtaalamu. Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini na nne, nusu upande wa Migori nilikozaliwa, nusu huku Homa Bay, na nikitaka naweza kuwajazia kurasa kwa sifa zangu. Lakini sifa za mtu hazimfundishi mwenzake kazi. Nitawaeleza kosa.

Kwanza niwachokoze kidogo. Siku hizi mtu anaipiga hati picha, anaitupia simu, na kabla uji haujapoa simu imempa dhamira tano: ukandamizaji, umoja, matumaini, na nyingine mbili ambazo ni zile zile zimevaa koti jingine. Siwacheki. Mimi nami nilikuwa na simu yangu, ila yangu ilikuwa ya mbao: penseli mbili, nyekundu na buluu. Chuoni tulifundishwa kuhesabu maneno. Nyekundu ilikuwa ya maneno ya kudai, buluu ya maneno ya kuomba. Ukimaliza kupigia mistari, unahesabu, na rangi iliyoshinda ndiyo dhamira ya hati. Nilitoka chuoni nikidhani hakuna karatasi duniani itakayonishinda.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa karibu na Sindo, kando ya ziwa. Mimi ni Mkuria. Kijaluo changu wakati huo kilikuwa cha kuamkia na cha kununulia samaki tu, kwa hivyo nilizungumza na watu kwa Kiswahili, nao kwa hisani yao wakanijibu hivyo hivyo. Walinipenda. Walidhani mtu aliyetoka mbali na vitabu vingi lazima ana akili nyingi, nami sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Mwaka wangu wa pili pale akafariki mzee mmoja aliyeitwa Onditi. Binti yake mkubwa, Rispa, alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Sindo, na mimi nilikuwa mteja wake. Siku moja kabla ya mazishi alikuja nyumbani kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne, ameitoa kwenye sanduku la bati la babake. Ilikuwa nakala ya barua ambayo wazee wa pale walimwandikia Bwana DC, mkuu wa wilaya, enzi za ukoloni, walipokuwa wakitolewa majumbani kwa nguvu kwenda kuchimba barabara. Iliandikwa kwa Kiswahili, mkono mzuri wa karani aliyesomea misheni. Kuzunguka maandishi kulikuwa na alama za vidole gumba kumi na saba, kila moja na jina kando yake. Mzee Onditi alikuwa mmoja wao.

"Mwalimu, wewe ndio umesoma," Rispa aliniambia. "Kesho tusomee hii. Watu wajue baba alikuwa nani."

Mnaojua mazishi ya huku mnajua kwamba hotuba ndizo mazishi yenyewe. Mtu hazikwi mpaka asemwe. Kwa hivyo Rispa aliponipa karatasi ile alikuwa amenipa sehemu ya babake. Sikulielewa hilo. Nilielewa tu kwamba nitapewa kipaza sauti.

Nikachukua penseli zangu. Tunaomba, tunasihi, kwa unyenyekevu, sisi watoto wako: karatasi iligeuka buluu kama ziwa. Nikatafuta neno haki, halikuwamo. Nikatafuta uhuru, halikuwamo. Nyekundu yangu ilibaki imechongoka vile vile. Kisha nikainakili barua yote kwenye daftari langu, na yale majina kumi na saba nikayapanga vizuri kwenda chini, namba moja hadi kumi na saba. Onditi nikamweka namba moja kwa kuwa ndiye tuliyekuwa tunamzika. Nilipenda sana unadhifu.

Mazishini nilisoma barua nzima, katekista akitafsiri kwa Kijaluo. Ningekoma hapo ningekuwa salama. Lakini mwalimu kijana akishika kipaza sauti, kumtoa ni kazi. Nikasema, "Ndugu zangu, tazameni lugha. Sisi watoto wako. Tunakuomba kwa unyenyekevu. Hii ni lugha ya magoti. Tusiwalaumu wazee wetu, walikuwa hawajaijua haki bado." Kisha nikaiinua karatasi juu watu waione. "Hata mahali pa kutia sahihi hawakupajua. Wametawanya vidole kila upande!"

Baadhi ya watu walicheka. Katekista alinitazama, akatafsiri nusu, nusu nyingine akaikohoa. Haikusaidia kitu, kwa sababu mwuza omena anauzia watu wa kila kabila na Kiswahili cha Rispa kilikuwa kizuri. Nilimwona akijifunika uso kwa leso. Nilidhani analia kwa uchungu wa kufiwa, nikarudi kitini nimeridhika na nafsi yangu.

Siku ya tatu alikuja shuleni. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Mwalimu, hiyo karatasi soma tena."

"Mama, nimeshaisoma. Karatasi haibadiliki."

"Baba alifungwa kwa sababu ya hiyo karatasi. Wote kumi na saba walikaa ndani mwezi mzima. Sasa nikuulize, serikali inafunga mtu juu amepiga magoti?"

Vijana, hilo lilikuwa swali bora la uchambuzi kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na liliulizwa na mtu asiyejua kusoma. Ukitaka kujua hati ilisema nini, angalia ilipompeleka aliyeiandika. Kama waliokuwa na nguvu walikasirika, basi waliona kitu humo, na kama wewe hukioni, tatizo ni macho yako. Mimi nilimjibu kwamba wakoloni walifunga watu wengi bila sababu. Nilisema kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa. Akachukua kikapu chake akaenda.

Neno likitoka mdomoni halina breki. Kabla muhula haujaisha, boma la Onditi likawa linaitwa Nyumba ya Magoti. Watoto walianza, watu wazima wakafuata. Wanawake wa soko walipotaka kumchagua Rispa awasemee kwa maofisa waliokuwa wanataka kuwahamisha walipozoea kuanika omena, mtu mmoja alisimama akauliza: huyu wa Nyumba ya Magoti ataenda kusimama mbele ya ofisa kweli? Wakacheka, wakamchagua mwingine. Mwanamke yule alikuwa na ulimi wa kumnyamazisha ofisa yeyote. Sentensi yangu moja ndiyo iliyomnyamazisha yeye, na niliyasikia hayo yote nikiwa pale pale nikifundisha watoto juu ya uhuru.

Niwaambie sasa juu ya mtu aliyenifungua macho. Miaka mingi baadaye nilihamishiwa shule nyingine karibu na mji wa Homa Bay. Pale mjini alikuwepo mzee Okelo, mkalimani wa mahakama aliyestaafu. Alikuwa akikaa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Mwislamu mmoja aliyetoka pwani, akiandikia watu barua: za malalamiko, za kuomba kazi, za kumsihi mke arudi. Tulikuwa tunabishana naye karibu kila Jumamosi, na mwenye duka anatuletea chai ya tangawizi ili tusihamie kwa jirani. Siku moja nikamletea daftari langu nimwonyeshe jinsi watu wa zamani walivyokosa lugha ya haki. Nilitaka anisifu.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akavua kofia yake akaiweka juu ya ukurasa, akafunika sehemu yote ya mwanzo.

"Chacha, wewe ukienda kwa mtu mkubwa kumwambia kitu kibaya, unaanza na nini?"

"Na salamu."

"Salamu ngapi?"

"Nyingi."

"Sasa kwa nini unahesabu salamu?" Akagonga mwisho wa barua kwa kidole. "Barua ya mnyonge inasomwa kutoka chini. Huku juu anatafuta mlango ufunguliwe. Kitu amekuja nacho amekiweka chini. Soma hapa."

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa hivi: Mtu hafungwi kamba kama mbuzi ndipo aende kazi ya serikali. Tuonyeshe sheria isemayo hivyo. Mwezi mwingine ukiandama hatujaiona, hakuna mtu wetu atakayeshika jembe barabarani.

Nilikuwa nimeyapigia mstari wa buluu. Naam. Tuonyeshe sheria, kwa penseli yangu, lilikuwa ombi. Wazee kumi na saba walikuwa wamempa DC muda wa mwisho na kumwambia watagoma, na mimi nikawahesabia unyenyekevu. Okelo alinieleza kwamba katika miaka yake mahakamani hakuwahi kumsikia mtu wa kawaida akilitaja neno haki mbele ya hakimu. Walisema: ng'ombe ni wangu. Walisema: sitoki. Uhuru katika karatasi za zamani haujitaji jina. Tafuteni mahali watu wanaposema hawatafanya kitu, hapo ndipo ulipo.

Nilidhani amemaliza. Akageuza ukurasa, akafika kwenye orodha yangu nadhifu.

"Nani hapa alitia kidole wa kwanza?"

"Onditi. Namba moja."

"Nani amempa namba?"

Nikakohoa. "Mimi."

"Kwa karatasi yenyewe alikuwa wapi?"

Nikamweleza jinsi alama zilivyoyazunguka maandishi pande zote. Nikiwa bado naeleza, sauti yangu ikaanza kupungua, maana nilianza kuona.

"Wanaume wa zamani walikula pamoja kwa duol," Okelo alisema. Duol ni kile kibanda cha mwenye boma walimokutana wanaume. "Sahani moja katikati, wote wameizunguka. Ukiingia, utasema nani ameanza? Huwezi. Hao wazee waliweka vidole hivyo hivyo. Kesi yao ilisimuliwa mahakamani mpaka siku zangu: DC alitafuta kiongozi wao amfunge, akakosa. Ikabidi ashike wote, na wote akaachilia, juu hakuna aliyemtaja mwenzake. Alitafuta namba moja mwezi mzima." Akanirudishia daftari. "Wewe ndio umemwandikia."

Sijawahi kuona aibu kama ile, kabla wala baada. Ningeomba ardhi ipasuke, lakini ilikuwa sakafu ya saruji.

Kuanzia Jumatatu iliyofuata nilibadilisha ufundishaji wangu wote. Hakuna mwanafunzi wangu aliyenakili hati bila kuchora umbo lake: mistari iko wapi, sahihi ziko wapi, doa la wino liko wapi. Hakuna aliyeruhusiwa kusema dhamira kabla ya kujibu nani anaandika, anamwogopa nani, na kilimpata nini baadaye. Tulisoma kutoka chini kwenda juu. Mwalimu mkuu mmoja alidhani nimerukwa na akili. Hata wachimbaji dhahabu wa Osiri, nilipokuwa nimerudishwa upande wa Migori, waliniletea mkataba wao wa shimo niusome. Nikaanzia chini, nikakuta kamba yote imefungwa hapo, huku juu kumejaa undugu na ushirikiano. Wakaniita mganga wa karatasi. Ndipo nikajifunza kwamba mnyonge huficha ujasiri wake mwishoni, na mwenye nguvu huficha meno yake hapo hapo.

Kwa hivyo niliheshimiwa. Nilialikwa kwenye warsha, nikasimulia habari za barua ile, nikavuna makofi. Mnaona ninapokwenda. Nilimweleza kila mtu maana ya vile vidole, isipokuwa Rispa.

Toka siku ile ya kofia ya Okelo mpaka nilipostaafu ilipita miaka kumi na tisa. Visingizio nilikuwa navyo gunia zima. Mara mitihani ya kusahihisha, mara mvua, mara uhamisho, mara nimsubiri Okelo twende pamoja, mpaka Okelo mwenyewe akafa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kusimama mbele ya watu wale wale na kusema nilikuwa mjinga ni kitu nilichokuwa nakifundisha kwa jina la ujasiri wa kiraia, na sikuwa nacho.

Aliyeniondoa kitini ni msichana mmoja aliyekuja kwenye kikao cha walimu wapya, Achieng'. Alikuwa amesomea shule ya Asumbi, sasa anafundisha historia. Baada ya kunisikiliza nikieleza ile barua, alingoja watu watoke.

"Samahani, Mwalimu. Hiyo barua ni ya Sindo?"

"Ni ya huko."

"Basi wewe ndiye mwalimu wa magoti." Hakusema kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Mimi ni mjukuu wa Rispa. Nimekuwa nikiitwa wa Nyumba ya Magoti tangu nasari. Nyanya bado yuko. Hiyo maneno umetuambia leo, ulishamwambia yeye?"

Nilisema hapana. Alinipa namba ya simu ya mjomba wake, akaondoka bila kuniaga.

Familia ilikuwa inajiandaa kwa misa ya kumbukumbu ya wazee wao, baada ya kujengea makaburi. Nikaomba nafasi ya kusema. Mjomba alisita, halafu akasema, "Kuja. Lakini dakika kumi tu, Mwalimu, wewe tunakujua na kipaza sauti."

Nilikuta boma limejaa. Wengi walikuwa hawajazaliwa siku ile ya kwanza, lakini jina walilijua. Rispa alikuwa ameketi mbele, kwenye kiti chenye mito, amekuwa mdogo sana. Karatasi yenyewe ilikuwa mapajani pake, imewekwa ndani ya plastiki. Nilimsalimia. Alinishika mkono akatabasamu kwa adabu. Achieng' akaniinamia.

"Hasikii tena, Mwalimu. Miaka mitatu sasa. Hata ukipiga kelele sikioni."

Niliichukua karatasi mapajani pake nikasimama nayo, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kipaza sauti. Lakini nilikuwa nimekuja kusema, nikasema. Nilisema jina langu na kosa langu. Nilisoma barua kutoka chini kwenda juu, Achieng' akitafsiri kwa Kijaluo, yeye hakukohoa hata neno moja. Nikawaeleza kwa nini vidole vimezunguka, na nani alifungwa, na kwa nini hakuna aliyetajwa. Nikasema katika miaka yangu yote sijashika hati ya uhuru iliyo thabiti kuliko ile, na kwamba nyumba ile iliyoitwa ya magoti kwa sababu yangu ndiyo iliyosimama. Kisha nikayasoma majina kumi na saba tena na tena, kila mara nikianzia kwa mwingine, na kila jina lilipotajwa kulikuwa na wajukuu wake wakisimama mahali fulani kwenye umati. Mwishowe hakuna aliyebaki ameketi ila Rispa.

Rispa alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, akiwatazama. Alimvuta Achieng' mkono akauliza jambo kwa Kijaluo. Alikuwa anauliza, wamesimama kwa nini, Mwalimu amesema nini? Achieng' akamwambia kwa sauti kubwa karibu na sikio, mara mbili, mara tatu. Akamwonyesha karatasi, akanionyesha mimi, akaweka mkono kifuani pake na kuinamisha kichwa, kumaanisha ninaomba radhi. Bibi akatikisa kichwa chake kwamba hajaelewa. Mimi nikapiga magoti mbele ya kiti chake, na hata hilo nadhani alilichukua kuwa heshima tu ya mgeni kwa mwanamke mzee.

Vijana, makosa ya kusoma hayaepukiki. Mtakosea, na walimu wenu walikosea. Lakini mkijua mmemsoma mtu vibaya, ondokeni siku hiyo hiyo, kwa miguu ikibidi. Mimi kosa langu alilisikia neno kwa neno, siku ya kumzika babake. Toba yangu niliichelewesha mpaka masikio yake yakaziba.

Rispa akanishika bega pale chini, akaniambia kwa kile Kiswahili chake kizuri cha sokoni, "Mwalimu, inuka. Umetoka mbali. Kuja ukule."

Nililetewa kuon, ule ugali wa Kijaluo, na samaki, nikala nikiwa nimeketi karibu naye, akinisogezea bakuli la mboga kila lilipopungua. Hadi leo sijui kama alikuwa amenisamehe, au alikuwa anamlisha mgeni.